Kuku Niliwafungia, Mijusi Nikawalisha

Jumapili, saa tisa alasiri. Mawingu yametanda juu ya ziwa tangu asubuhi, mvua hainyeshi na jua halitoki. Nguo nilizoanika jana bado zina unyevunyevu, na mimi mwenyewe niko hivyo hivyo.

Binti yangu Milembe yuko kanisani, mazoezi ya kwaya ya watoto. Atarudi saa kumi na moja. Kwa hiyo nina saa mbili za kuandika jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote.

Nimeua mijusi wawili wa mwanangu, halafu nikamdanganya.

Najua wapo watakaocheka. Mijusi! Mwaka jana hata mimi ningecheka. Katika nyumba hii mjusi kafiri alikuwa akionekana tu anakula ndala. Mpaka siku tuliposogeza kabati la vyombo, Milembe akaona mayai manne meupe, madogo kama njegere, yamelala kwenye vumbi. Nikachukua ufagio. Akasimama mbele yangu na mikono ameitandaza, kama mtu anayezuia nyumba yake isibomolewe. Ana miaka kumi. Nikaweka ufagio chini.

Matatu yalianguliwa, la nne halikutoa kitu. Kila kitoto kilikuwa na urefu wa njiti ya kiberiti, mkia ukiwemo, na ngozi nyepesi kiasi kwamba unaliona tumbo likiwa na chakula. Milembe akawapa majina. Wa kwanza Kokoto, mwenye doa jeusi shingoni. Wa pili Pilipili, maana hatulii. Wa tatu Mwalimu, kwa sababu anakutazama bila kupepesa macho mpaka unajisikia umekosa.

Tuliwaweka kwenye dishi la plastiki nililokuwa nahifadhia unga, tukalifunika kwa kipande cha chandarua na kukifunga kwa mpira. Ndani tukaweka kipande cha trei ya mayai ili wapate pa kujificha. Maji hawanywi kwenye chombo, unanyunyiza matone ukutani mwa dishi nao wanayaramba. Chakula chao ni vidudu vidogo sana. Tulikuwa tukiacha maganda ya ndizi mbivu kwenye chupa mpaka vile vinzi vidogo vijae, kisha tunavikung'utia kwenye dishi.

Nikiri na hili pia: nilianza kuwapenda. Kazi yangu ni ya dukani, kutoa kopi na kuchapa barua za watu, na kwa siku kadhaa nilikuwa natazama saa ili niwahi nyumbani kuwaona wakila. Nilimwambia Milembe nawahi kupika.

Wiki iliyopita shule zilifunga kwa mapumziko mafupi, akaenda kwa bibi yake, ng'ambo ya ziwa, Kamanga. Tulipofika kwenye kivuko alinishika mkono. "Mama, usiwape kitu kikubwa kuliko vichwa vyao. Na usisahau maji." Hakusema kingine. Aliniamini na yote mengine.

Jumanne wakaja wapuliza dawa ya ukoko, ile inayopuliziwa ukutani kuua mbu. Anayekaa huku milimani Ilemela anaijua siku hiyo. Kila kitu kinatoka nje: magodoro, sufuria, unga, picha ya harusi, ndoo iliyopasuka ambayo hukutaka jirani aione. Mtaa mzima unaonekana unahama, kila mtu anauona umaskini wa mwenzake na hakuna anayesema kitu. Dishi la mijusi nililitoa kabla hata ya godoro langu. Nikaliweka kivulini chini ya meza, nikalifunika kwa kanga. Nilijiona mama bora kabisa.

Dada aliyepuliza kwangu, aliyejifunga barakoa mpaka machoni, alinieleza taratibu. "Mama, kaa nje kwa saa mbili, halafu fungua madirisha. Wadudu watakaoanguka usiwaache, fagia utupe chooni. Na kuku wafungie, wasije wakadonoa."

"Sawa, dada yangu," nikamjibu.

Nikawafungia. Wote sita, hata yule tetea mkorofi aliyenidonoa kidole nikimkamata.

Jioni nilikuwa hoi. Kurudisha vitu ndani ni kazi kuliko kuvitoa, na katika pilikapilika hizo ile chupa ya maganda ilikuwa imekanyagwa ikapasuka, vinzi vyote vimekwenda. Siku hiyo ndiyo wale wadudu wa ziwani walikuwa wamekuja, wale wanaotoka majini kama moshi. Walipita dirishani, wakatua ukutani, wakaanguka. Chini ya dirisha walijaa rundo zima, wengine bado wanachezesha miguu. Wadogo, laini, wasiozidi kichwa cha mjusi. Nikasema moyoni, chakula kimejileta chenyewe.

Nikachota kijiko kimoja, nikamimina kwenye dishi.

Kokoto aliruka akamdaka mmoja hewani kabla hajagusa chini. Nilicheka peke yangu. Nikatamani Milembe angeuona ule mruko.

Jamani, kuku niliwafungia!

Sitajificha nyuma ya kutojua. Niliambiwa, nikaitikia, nikatekeleza. Lakini kuku ni mayai ya kuuza na kitoweo cha sikukuu, kwa hiyo kwao akili yangu ilifanya kazi. Mijusi walikuwa mchezo wa mtoto. Hata baada ya kuwapenda, mahali fulani ndani yangu hawakuwa wanyama wa kuwekewa akili. Hicho ndicho kinachoniuma, kuliko hata uchovu ninaojaribu kuusingizia.

Asubuhi ya Jumatano Kokoto alikuwa chali, miguu inamtetemeka. Sikwenda kazini. Nilibadilisha kila kitu, nikaosha dishi, nikawanyunyizia maji. Pilipili alifuata kabla ya saa sita. Mwalimu alipona kwa sababu alikuwa anajivua ngozi, na akiwa hivyo hali kitu. Alibaki pale ananitazama.

Jioni mama mkwe akapiga, akampa Milembe simu.

"Mama shikamoo. Wamekula?"

"Marahaba mwanangu. Wamekula."

"Wote?"

"Wote."

Nikamsikia bibi yake nyuma anacheka, "Huyu mtoto hali ugali mpaka aulize mijusi yake."

Hapo ningeweza kusema. Nilijiambia simu si mahali pa habari kama hiyo, ataharibikiwa na likizo. Kumbe nilikuwa natafuta muda. Kesho yake nilitoka kazini, nikachukua bakuli la plastiki, nikaenda kwenye ukuta wa nje wa choo ambao haukupuliziwa dawa. Mtu mzima, mwenye kadi ya mpiga kura, nanyata ukutani nawinda watoto wa mijusi.

"Mama Milembe, umepoteza nini huko?" jirani yangu Mama Doto aliuliza akiwa kwenye kamba ya nguo.

"Nasafisha utando wa buibui."

"Kwa bakuli?"

Nikaendelea kunyata. Nilipata wawili, wakubwa kidogo kuliko waliokufa. Mmoja aliniachia mkia mkononi, nikamrudisha ukutani, nikatafuta mwingine mwenye mkia mzima. Nilikuwa makini sana. Umakini huo wote ulikuwa wapi Jumanne?

Jana Jumamosi Milembe akarudi. Alilikumbatia dishi kabla ya kunisalimia. Halafu akalizungusha dishi polepole.

"Mama, doa la Kokoto liko wapi?"

"Wakikua wanabadilika," nikasema. Jibu lilitoka haraka, maana nilikuwa nimelifanyia mazoezi tangu asubuhi.

Akaniangalia. Angeniangalia kwa mashaka ingenisaidia. Aliniangalia kwa mshangao wa mtu aliyepewa zawadi.

"Kumbe!"

Akaenda mezani kuandika. Sikujua anaandika nini mpaka leo asubuhi, alipokuwa anaoga na mimi nafuta meza. Mwalimu wao wa sayansi aliwaambia, wiki chache kabla ya kufunga, kila mmoja achunguze kitu kimoja, kesho wasome mbele ya darasa. Milembe amepiga mistari kwa rula, safu tatu: Siku. Nilichoona. Nimejuaje.

Wanaramba matone, hawanywi kwenye kifuniko. Nimeona mwenyewe.

Wakivua ngozi wanaila. Nimeona mwenyewe.

Mwalimu analala kichwa kikiwa chini. Nimeona mwenyewe mara tatu.

Na mstari wa mwisho, wa jana: Doa la Kokoto limefutika. Mjusi akikua anapoteza madoa. Mama ameniambia.

Nimesoma maneno hayo mawili ya mwisho mara tano. Kalamu haikusita popote. Kwake, macho yake na mdomo wangu vina uzito mmoja.

Ningeweza kuliacha lipite. Watoto huku wanapoteza vifaranga kwa mwewe kila siku na maisha yanaendelea. Hata mwalimu wake huenda asijue. Ndani ya mwezi mmoja hao wapya watakuwa ndio Kokoto na Pilipili, na mimi nitakuwa mama mwenye amani. Nimeifikiria njia hiyo wakati wote wa ibada, sitaki kudanganya. Niliimba nyimbo zote nikiwa naifikiria.

Lakini kesho atasimama mbele ya wenzake asome uongo wangu kwa sauti yake. Mtoto aliyeangalia mara tatu kabla ya kuandika.

Nimeamua. Akirudi, namwambia. Nimejiandaa kwa kilio. Nimejiandaa kwa "kwa nini", na jibu langu ni hilo la kuku, halina mapambo. Nimejiandaa hata kunyimwa shikamoo kesho asubuhi.

Kuna swali moja tu sijaliwezea, na namjua mtoto wangu, ndilo litakalotangulia. Ataniuliza nimewazika wapi.

Sikuwazika. Niliwafagia kwenye kizoleo pamoja na wale wadudu, nikawatupa chooni, kama nilivyoelekezwa. Agizo hilo nililifuata vizuri kabisa.

Geti linalia, bado anaimba. Naenda kumwambia kabla hajavua viatu.