Jina la Fundi Kitasa Limeuzwa, Shemeji

Nyumbani kwa kaka yako,
Ghorofa ya chini, mlango unaotazamana na kinyozi.
Jumapili, 9 Novemba.

Mpendwa shemeji yangu,

Pokea salamu zetu sote. Hujambo? Mkeo hajambo? Kikohozi cha yule mdogo wenu kimepoa, au bado kinawakesha? Nasikia huko baridi imeshaanza, kwa hiyo vaa soksi mbili na uache ukaidi wa familia yenu. Sisi tu wazima wa mwili. Miguu yangu inavimba nikisimama sana dukani, lakini mapazia hayauziki muuzaji akiwa amekaa, basi nasimama.

Kaka yako anakula vizuri na analala vizuri. Nimeanza na hilo ili usome haya mengine ukiwa umetulia.

Mwanao mkubwa, huyu niliyemzaa mimi, ameniambia ulimpigia simu ukiwa umeshtuka. Ulifungua tovuti ya kaka yako ukakuta watu wengine kabisa, watu wanaouza programu ya kufunga simu isifunguliwe na mwizi. Ukadhani tumeibiwa. Hatukuibiwa, shemeji. Jina lile la tovuti nimeliuza mimi. Wewe ndiye uliyelisajili siku chache kabla hujasafiri, na picha iliyokuwa pale uliipiga wewe mwenyewe, kwa hiyo nataka usikie kutoka kwangu, si kwa mtu wa pembeni.

Unakumbuka tulivyokucheka? Nilikuuliza ni nani atakayetafuta fundi wa vitasa kwenye kompyuta. Wewe ukaandika "kitasa" tupu, bila kuongeza kitu mbele wala nyuma, ukasema jina hilo lilikuwa linakaa tu halina mwenyewe. Haukupita muda watu wakawa wanamwandikia kaka yako wakiwa wamekaa kwenye ngazi za nyumba zao, wamefungiwa nje na mifuko ya sokoni miguuni. Yeye anachukua mkoba wake, anakwenda. Mtaa mzima ukaacha jina lake la kuzaliwa, ukawa unamwita Kitasa.

Ulipoondoka alikuwa anasahau majina ya majirani tu. Baadaye akasahau njia ya kwenda dukani kwake. Tulifunga duka, vyombo vyake nikavileta nyumbani nikavisukuma chini ya kitanda. Hayo unayajua. Usilolijua ni hili la kompyuta, kwa sababu sikuwa na moyo wa kulisema kwenye simu huku yeye akiwa chumba hicho hicho.

Kila asubuhi akishakunywa chai alikuwa anakwenda kwenye ile kompyuta ya kibarazani, anavuta kiti, anaandika kwa kidole kimoja: k, i, t, a, s, a. Picha yako inatokea, yeye amesimama mlangoni pa duka na aproni ya bluu, na chini yake maneno uliyoyaandika: "Ukifungiwa nje, niite." Anayasoma kwa sauti. Halafu anageuka kunitazama na kusema, "Huyu ni mimi." Nami namjibu, "Ni wewe hasa, mume wangu." Kisha anasoma ujumbe wa wateja wa zamani, maana walikuwa bado wanamwandikia kumjulia hali. Akishamaliza, siku nzima anakuwa mtu mwenye kwao. Asubuhi ambazo umeme umekatika, anazunguka nyumba nzima akijaribu milango, anauliza duka lake limekwenda wapi.

Sasa ndipo likaja hili la mnunuzi. Aliandika dalali, akauliza kama jina linauzwa, bila kusema anamnunulia nani. Mwanao akasema mama, usijibu haraka, usitaje bei wewe kwanza, na usiseme tuna shida. Nikamwambia mimi nimeuza mapazia tangu yeye hajazaliwa, anataka kunifundisha kunyamaza? Lakini shida tulikuwa nayo, shemeji. Yule mama anayekaa na kaka yako mimi nikiwa dukani alikuwa ametuaga, na wa kumrithi hatukuwa na cha kumlipa. Jina la kuuza tulikuwa nalo. Kitu kingine cha maana hatukuwa nacho.

Dalali akapiga simu, tukaiweka sauti ya juu mezani. Kila sentensi aliianza na "kwa heshima zote", mpaka mwanao akambandika jina, Bwana Heshima. Alitaja bei ya kwanza. Mimi nikanyamaza kama ninavyomnyamazia mteja anayeshika pazia zuri na kujifanya halitaki. Akaongeza mwenyewe. Nikavuta pumzi tu, akaongeza tena. Mwanao ameziba mdomo kwa mikono miwili, macho yamemtoka. Nikasema bei hiyo nimeikubali, ila nina sharti moja.

"Jina libaki kwetu mpaka siku mume wangu atakapokuwa halitumii tena."

Mwanao akashusha mikono.

"Kwa heshima zote, mama," akasema Bwana Heshima, "mkataba hauwezi kuandikwa 'mpaka siku'. Tunahitaji tarehe."

"Hata mimi naitaka hiyo tarehe, baba. Nimewauliza madaktari, hakuna aliyenipa."

Akasema atanipigia. Mwanao alilia kwa hasira. Aliniambia nimewafukuza watu kwa ajili ya picha ambayo yeye anaweza kuinakili ikabaki kwenye kompyuta hiyo hiyo. Nikamwambia hebu inakili tuone. Akainakili, akaiweka mbele ya baba yake. Kaka yako akaitazama, akaisukuma kando kama mtu aliyepewa gazeti la jana, akaandika herufi zake sita. Tulijaribu pia jina jingine lenye neno la ziada. Alikuwa anaishia kwenye "kitasa", anangoja. Kidole chake hakikujua kingine.

Siku mbili hivi baadaye hodi ikabishwa asubuhi. Ni mwanamke wa makamo, viatu vya chini, mkoba begani. Akasema yeye ndiye mnunuzi mwenyewe, kampuni ni yake, na alitaka kuliona sharti langu kwa macho. Nilimkaribisha nikiwa na kanga ya kuoshea vyombo, nywele sijazifunga. Tukasimama nyuma ya kaka yako wakati anaandika. Picha ikatokea. "Huyu ni mimi," akasema, halafu akageuka akamwona mgeni, akasimama kwa adabu yake ile ile ya kazini.

"Umefungiwa nje, dada?"

Yule mama akanitazama. Akajibu mwenyewe, "Ndiyo, fundi."

"Mlango wa mbao au wa chuma?"

"Wa mbao."

"Usijali. Wa mbao hausumbui. Ngoja nichukue mkoba."

Akaenda chumbani. Tukangoja. Tulimsikia akivuta droo, akifunga droo. Nilipochungulia nilimkuta amekaa kitandani na soksi yangu mkononi, anaikunja vizuri. Mgeni alikuwa tayari ameketi kwenye kiti chake mbele ya kompyuta, anafuta macho kwa kiganja.

Tulipatana pale pale kibarazani, sisi wawili tu, bila dalali. Atangoja. Atatoa pesa kidogo sasa ili tumpate mtu wa kukaa na mgonjwa, na zilizobaki atazitoa jina likihama, zikae kwanza kwa mwanasheria ili asiwepo wa kumdanganya mwenzake. Kwa kuwa anangoja, nami nikashusha bei. Nilishusha sana, shemeji, usimwambie mtu. Mwanao hakusema nami hadi siku ya pili. Halafu alikuja kuniegemea jikoni, na hilo likaisha bila maneno.

Niliona nimeshinda. Nilikwenda dukani nimenyoosha shingo. Nilikuwa nimempatia mume wangu muda, na nilidhani ni muda mrefu.

Haikufika hata miezi mitatu. Asubuhi moja alikunywa chai, akakaa kwenye kiti, akaweka kidole juu ya herufi. Hakuandika. Alikitazama kidole chake, akautazama ubao wa herufi, akaanza kuufuta vumbi kwa mkono wa shati. Nikasema amechoka tu. Kesho yake hivyo hivyo. Siku ya tatu nikaandika mimi. Picha ikatokea, nikasogea kando ili aione vizuri, nikasubiri.

Aliitazama kwa muda mrefu. Akatabasamu.

"Anaonekana mtu mzuri," akasema. "Ni ndugu yako?"

Nikamwambia ndiyo.

Sikukata tamaa siku hiyo. Niliendelea kumwandikia kila asubuhi, na kila asubuhi alimsifu yule fundi, siku moja akisema ana mikono ya kazi, siku nyingine akisema aproni imempendeza. Siku moja alisema, "Mwambie aje tunywe naye chai." Niliingia bafuni nikafungulia maji ili asinisikie.

Nilimpigia mnunuzi mwenyewe. Nilimwambia, "Njoo uchukue jina lako." Naye, Mungu amlipe, akasema hana haraka, ningoje hata mwezi, labda fundi atarudi kuandika. Yule dada alikuwa amemtumaini kuliko mimi. Nikamwambia hapana, kila asubuhi inayoongezeka ananiumiza bila kujua, na mimi lazima nibaki na nguvu za kumwogesha. Mwanao akamsomea herufi za siri za kuhamisha jina, moja baada ya moja, sauti inamkatika. Mchana ule ule likahama.

Nilikuwa nimejiandaa siku hiyo kumshika mikono, kumtuliza, kumdanganya kama ingebidi. Yeye alikuwa kando yangu ananisaidia kukunja vitambaa, anapiga mluzi. Hakuuliza chochote. Hilo sikuwa nimejiandaa nalo.

Basi ndivyo lilivyouzwa. Pesa zimeingia, mama wa kukaa naye tumempata, ni mpole na anajua kucheka. Ujumbe wote wa wateja mwanao ameuhifadhi, na picha yako ninayo. Kama umeumia kwamba sikukuuliza kwanza, una haki. Niliogopa utasema nisiuze, na mimi ningekutii.

Sasa nina ombi, na si la pesa. Njoo. Usingoje likizo ya watoto wala tiketi zishuke. Ukifika, usimuulize kama anakukumbuka, maana swali hilo linamtia aibu, na akiona aibu ananyamaza siku nzima. Mwambie tu, "Mimi ni mdogo wako," kisha kaa karibu naye, mpe kitambaa upande mmoja nawe ushike mwingine. Anapenda kukunja na mtu. Atakuzoea. Mimi mwenyewe sasa hivi ananiita "dada", na ananishukuru kwa chakula kama mpangaji mwenye adabu, na usiku nikizima taa anashika mkono wangu bila kuniuliza mimi ni nani.

Msalimie sana mkeo, mwambie shuka alizoleta bado tunazilalia. Wabusu watoto kwa niaba ya mama yao mkubwa. Mwanao anakusalimu na anasema amekusamehe kwa kumgombeza kwenye simu. Kinyozi naye ananisimamisha kila siku, anauliza yule mdogo wa Kitasa anakuja lini, na mimi nimechoka kumwambia sijui.

Mwenyezi Mungu akufungulie njia, akufikishe salama, umkute kaka yako bado yupo wa kukumbatiwa.

Wako akupendaye na anayekungoja,
Shemeji yako, mke wa kaka yako.