Baba Mkwe Anasubiri Unga Wangu

Shangazi wa redioni, shikamoo, nisaidie maana nimebanwa. Mimi ni kinyozi, na kibandani kwangu nikimaliza kunyoa namfuta mteja shingo kwa taulo la moto, kama ana kijipu nakikamua, halafu nafungua kidonge cha rangi mbili namnyunyizia unga wake, bure kabisa, ndiyo maana wananiita Daktari, na jina nalipenda, sikatai, mpaka jipu likaniota mwenyewe kwapani, nikanyunyiza, likazidi kuvimba, nikaenda hospitali. Shangazi! Dada wa maabara alinionyesha kisahani walichooteshea usaha wangu, juu yake vipande vya dawa, vingine vimezungukwa na duara safi, vijidudu vyote vimekufa, lakini kwenye dawa yangu vimeota mpaka vimeigusa, havina habari. "Hawa wadudu wameshaizoea," akasema, "na wanahama kwa ngozi na kwa taulo." Ajabu hii, kitu kisichoonekana kwa macho kimeishinda dawa ninayoitegemea! Sasa baba mkwe, mgonjwa wa sukari, ambaye namnyoa mimi, ana jipu kisogoni na homa, mke wangu anamsihi aende hospitali, yeye anajibu, "Niacheni, mkwe wangu atakuja na unga wake." Mzee huyu aliwahi kuninyima binti yake, leo ananisifia kwa majirani. Nikimwambia huenda taulo langu ndilo lililompa, nitamtazama vipi?

Marahaba, kinyozi. Hilo la Daktari tuliweke kando.

Kisahani chako kimenisisimua hata mimi. Kijidudu hakina akili wala macho, nasi tunakipa unga kidogo leo, nusu dozi kesho, vilivyo dhaifu vinakufa, vilivyo sugu vinabaki na kuzaana. Inatisha, na inastaajabisha. Lakini wewe, mwanangu, unashangaa huku mzee anaungua homa? Jipu, homa na sukari kwa pamoja, halafu unaandika barua!

Ndiyo maana naisoma kabla ya zote. Funga kibanda. Mpeleke mzee hospitali sasa hivi, na umweleze daktari kile kisahani kilionyesha nini, asije akampa dawa ileile. Jipu lako lifunike, na umalize dozi ya hospitali. Ukifungua tena, kila kichwa na taulo lake, lifuliwe kwa maji ya moto likauke kabisa, mashine ifutwe kwa spiriti, na jipu la mtu usilikamue. Wateja waambie ukweli. Watakaokukimbia wakimbie.

Aibu utaimaliza njiani. Ukifika mlangoni sema hivi tu: "Baba, leo sikuja na unga. Nimekuja kukuchukua."