Mota ya Kifaru cha Salma

Mjukuu wangu Salma,

Wengi hukosea kwa kuchagua mota ya kifaru cha kuchezea cha rimoti kwa kutazama mbio zake tu. Sisi hatujambo, bibi yako anakusalimu. Waniambia kifaru cha mwenzio Faridi chakipita chako, nawe wataka mota kama yake. Wivu huo naujua. Ujanani, baiskeli ya binamu yangu Athumani ilinipita kila siku, hata nikamchukia. Siku moja tulipakia magunia ya mchele, tukapanda mwinuko wa Kibokoni. Gia yake ya mbio ikamshinda. Waliokaa barazani wakamcheka: "Shuka usukume, bwana harusi!" Nikampita polepole kwa gia yangu ya nguvu, na bado niliitamani baiskeli yake. Kifaru kizito chataka gia za nguvu, hasa kikigeuka. Leo kizungushe palepale juu ya zulia, kisha uiguse mota uone joto lake: likizidi, ujue yaelemewa, na ya mbio ingeelemewa zaidi.

Babu yako