Shikamoo ya Mama

Mjimwema, Jumapili

Bado sauti yake haijanitoka masikioni. Mama yangu mzazi ameniamkia shikamoo, mimi mwanawe wa kumzaa.

Nilifika mchana kutoka ng'ambo, nikapitia Majengo kumnunulia khanga na sabuni. Siku hizi maduka yamejaa kila kitu. Mdogo wangu Fotunata alikwisha kunionya kwamba mama anasahau. Hakuniambia kwamba nimefanana na marehemu bibi mzaa mama kiasi hiki.

"Shikamoo, mama," akasema mama yangu, akipiga goti mbele yangu. "Mbona umerudi? Si tulikuzika Peramiho?"

Fotunata akaninong'oneza, "Mwitikie tu, dada. Ukimbishia atalia mpaka asubuhi."

"Marahaba, mwanangu," nikasema.

Miaka yote hii nimechunguza jinsi seli za ubongo zinavyopelekeana ujumbe. Kwenye ubongo wa panya ninaweza kuonyesha mahali ujumbe unapokwama. Mbele ya mama sikujua hata pa kuanzia.

Na ninaogopa. Bibi naye alisahau watu kabla ya kufa. Sura nimeirithi, sasa hilo lingine...

Jioni mama alinishika mkono, macho yakimng'aa. "Usinichukue kwanza, mama. Binti yangu yuko ng'ambo, anasomea mambo ya ubongo. Akija atanitibu."

Fotunata akainuka, akatoka nje.

"Unajua atafika lini?" mama akaniuliza.

Nikamwambia yuko njiani.