Wadudu wa Giza Niliowapunguza

Kabula, mwanangu,

Marahaba. Najua hujanisalimia, lakini naitikia hivyo hivyo, maana huu mwezi wa saba unanipita bila shikamoo na mimi sikukulea hivyo. Ukiona mwandiko umepinda usicheke. Darasa la nne nililiacha siku ng'ombe wa babu yako walipoingia kwenye pamba ya watu, nikatumwa kuwatoa, na sikurudi hata kuchukua kofia yangu.

Nyumbani tupo. Mvua imegoma. Kaka yako Masanja bado yuko Segese kwenye mashimo ya dhahabu, anasema amebakiza hatua chache kuufikia mwamba, na hizo hatua chache anazibakiza tangu wewe ukiwa sekondari. Kaburi lako nimelizungushia miiba kwa sababu mbuzi wa jirani yetu Mama Limi wanalitembelea kuliko ndugu zako. Katekista alikuja akasema unapumzika. Nikamwambia, huyo humjui, huyo kupumzika hakuweza hata akiwa na homa. Akanikasirikia. Na mimi nilikuwa nimeshamkasirikia, kwa hiyo tuko sawa.

Sasa niache utani, ingawa ukiniondolea utani sijui nitabaki na nini.

Neema alipiga simu. Neema wako wa chuo, uliyekwenda naye kwenye ile bahari ya barafu huko juu kabisa ya dunia, ambako mnasema jua likizama linazama miezi. Anataka kuimalizia kazi yenu itoke na jina lako mbele. Akaomba nimsomee daftari lako la mwisho. Nikamwambia limeliwa na mchwa. Uongo mtupu. Lilikuwa chini ya godoro langu, na tangu tukuzike sijalala vizuri juu yake.

Unakumbuka tulivyokuwa tukifanya. Ulirudi kutoka hospitali wameshakuambia ukweli kuhusu lile tumbo, nawe badala ya kulala ukafungua sanduku la vioo. Kila kioo kimebeba wadudu waliochujwa kutoka kwenye chupa moja ya maji ya bahari ile, bakteria kwa jina lao la shule, umewapaka rangi ili wang'ae. Hadubini ukaiweka juu ya meza ya kulia chakula, ukajifunika blanketi kichwani mchana wa jua kali, kwa sababu walitaka giza ndipo waonekane. Mama yako akapita na sufuria, akauliza, "Huyu mtoto anajifukiza?"

Nikakuuliza hao wadudu wanakula nini kwenye barafu. Ukanieleza kwa lugha ya jikoni kwetu. Jua likirudi, ukasema, bahari inaota majani madogo yasiyoonekana kwa macho, na wadudu wa mwanga wanaibuka wengi kuyala mabichi, kama sisi na mboga za mvua. Jua likizama majani yanakufa, na walaji wale wanapungua. Ndipo wengine wanaingia zamu, wavumilivu, wanaokula mabaki makavu kama sisi na michembe, viazi vyetu vya kukausha. Na wapo hata wasiotaka mabaki, wanaishi kwa kile kitu cha mkojo wa ng'ombe kinachowasha pua asubuhi ukiingia zizini. Nikasema hao ni Wasukuma. Ukacheka mpaka ukashika tumbo, halafu ukawa umeshika tumbo tu, hucheki tena.

Watu hudhani giza likiingia bahari ile inakufa, ukasema, kwa sababu si wengi wanaokubali kwenda kuchota maji wakati huo. Wewe ulikwenda. Ulikuwa na neno lako moja uliloling'ang'ania: giza haliwamalizi, linabadilisha zamu tu. Vioo vya mwanga ulivihesabu ukaviandika kwa mkono wako mwenyewe. Tulipofika kwenye vioo vya giza mkono wako ukachoka. Ukasema, "Baba, mimi nitaangalia na kutaja, wewe andika."

Ukampa kalamu mchunga ng'ombe.

Kabula, wewe ni mtoto wa hapa, ulipaswa kunijua. Mtu wa kwetu hatamki idadi ya vilivyo hai. Babu yako alikuwa na zizi limejaa hadi ng'ombe wanapandana, na ukimuuliza anasema ana vijing'ombe viwili vitatu, tena vya kuazima. Watoto hivyo hivyo, ukiulizwa unao wangapi unasema wapo wapo. Ukitaja hesabu kamili unaita jicho baya, na jicho likija haliondoki mikono mitupu. Sasa wewe, mgonjwa, upo chini ya blanketi, dirisha wazi kwa ajili ya joto, unapaza sauti: "Arobaini na moja! Hamsini na sita!" Na Mama Limi anapita nje na ndoo yake. Nikaandika ishirini na tisa. Nikaandika arobaini.

Sikuona kama naiba. Niliona nakusitiri, wewe na kundi lako. Nilidhani nikilificha kundi, na mwenye kundi atasahaulika, ataachwa aishi. Na nisikufiche, nilifurahi pia. Nilijiona mjanja, mzee wa darasa la nne anawazidi akili wasomi. Tukaenda hivyo wiki mbili, wewe unataja, mimi napunguza, na hukunyanyua blanketi hata mara moja kuangalia, kwa sababu aliyekuwa anaandika ni baba yako.

Halafu ile asubuhi ukaomba daftari. Ukajumlisha kwa kidole. Ukarudia. Mama yako alikuwa mlangoni na uji. Ukalifunga polepole, ukasema, "Basi, Baba. Nilikosea. Giza linawamaliza."

Na mimi nilikuwa pale kwenye kigoda. Mdomo ninao. Mdomo huu unaomtania katekista, uliomtania hata mkwe wangu mbele ya mahari yake, asubuhi ile ukakaa kama umeshonwa. Niliona aibu. Nikasema moyoni, nitamwambia kesho. Kesho yake ukawa huongei. Siku ya tatu tulikuwa tunachimba.

Mama yako alilisikia lile neno, na ndilo linalomla. Kifo amekubali, anasema Mungu hakuomba ruhusa. Lakini kila akianika michembe anaongea peke yake: "Mtoto wangu alivumilia barafu yote ile, akafa anajiona ameshindwa." Mimi nakuwa pembeni nachonga mpini wa jembe. Mpini huo nimeuchonga miezi saba, sasa umebaki kama mwiko.

Juzi nikampigia Neema. Nilimwamkia shikamoo, mimi mzee na mvi zangu, kwa woga. Nikamwambia yote. Nikasikia analia. Halafu akauliza, "Baba, ulikuwa unapunguza ngapi?"

Hapo ndipo niliponaswa. Sijui. Siku Mama Limi alipokuwa karibu nilipunguza nyingi. Siku uliyoamka vizuri nilipunguza moja. Sikuwa na kipimo, nilikuwa na hofu. Neema akasema basi hazirudishiki. Nikamwambia vioo vipo, nimevifunga kwenye kanga. Akasema ile rangi imeshafifia, hakuna atakachokiona. Kurasa zote za mkono wangu zitaondolewa. Kazi yako itatoka na mwanga peke yake, na mahali pa giza wataandika kwamba hapakuhesabiwa. Ulilala melini miezi ukatapika nyongo kulifuata giza lile, ukalileta mpaka hapa kwetu Kishapu, na mimi nikalifuta nikiwa nimekaa.

Nikamwuliza, lakini mwanangu alikuwa sahihi? Nilitaka aseme ndiyo, nikampelekee mama yako hiyo ndiyo kama zawadi, pengine asinitazame sana mimi. Akasema, "Sijui, Baba. Tunajua walikuwa wengi kuliko ulivyoandika. Wengi kiasi gani, hakuna anayejua." Angalia huyo! Mtu analia kwenye simu na bado anakataa kumdanganya mzee. Wewe pia ungejibu hivyo hivyo, nikakukasirikia na wewe huko uliko.

Kwa hiyo siwezi kukuambia kwamba ulikuwa sahihi. Ningekuwa na uwezo wa kudanganya kwa faida, ningekudanganya. Ninachoweza kukuambia ni kwamba lile neno ulilofungia daftari halikuwa la wadudu wako wala la bahari yako. Ulilisoma kwenye mkono wangu. Na mimi nilikuwa karibu yako kiasi cha kusikia unavyohema, nikakuacha uondoke nalo.

Samahani sikuombi. Ningeiomba ungenipa, nakufahamu, nami nisingejua pa kuiweka.

Nimeandika nikiwa hapa uani. Mama yako yuko ndani anafunga michembe ya kupeleka gulioni. Akitoka nitamwambia kabla hajajitwisha. Nimejizoeza tangu alfajiri na kila mara nimejikuta naanza na mzaha, kwa hiyo nitaanza na jina lako, pengine litanizuia. Atanifukuza. Au atanitazama tu, na hapo ningetamani anifukuze. Akiniuliza kama nilikuwepo ulipolisema, nitasema nilikuwepo. Akiuliza kwa nini sikufungua mdomo, nitasema niliona aibu mbele ya mtoto wangu mwenyewe. Hilo nakuahidi, ng'wana wane, mwanangu uliyezaliwa mvua ikinyesha. Baada ya hapo mama yako aamue mimi ni mtu wa namna gani, maana mimi mwenyewe nimeshindwa.

Nenda, Kabula. Nimekuchelewesha.

Mlango umelia. Anatoka, mzigo bado uko mikononi. Naweka kalamu chini, nasimama.

Baba yako.