Herufi Saba za Baba

Jumatatu, 3 Juni
Uji wa uwele. Kumgeuza baba, kumwosha, kubadilisha shuka. Shikamoo baba. Akagonga meza mara mbili. Ndiyo marahaba yetu tangu kiharusi kimnyang'anye ulimi na mkono wa kulia.

Baada ya uji, vizibo vya soda vyenye herufi. Leo aliweka S, T, O, P. Nikasema stop, post, spot, pots, opts. Akagonga mara moja: bado. Nikahangaika mpaka uji wangu ukapoa. Tops! Mara mbili. Akavizoa kwa mkono wa kushoto, uso umemchangamka. Mwalimu hastaafu.

Jumatano, 5 Juni
Mama Yusufu, jirani, alikuja kuazima ungo. Akatukuta mezani. "Yaani mnacheza na vizibo vya soda, na alizeti yako ndege wanaimaliza?" Nikacheka tu. Angejua kwamba haya ndiyo mazungumzo yangu ya siku nzima, asingeuliza.

Vizibo hivi baba alivipaka rangi mwenyewe, herufi moja moja, mimi na kaka Elibariki tukiwa wadogo. Wenzetu kijiji kizima cha Mungaa wakishakula ugali wanalala. Sisi tunasaka maneno ya Kiingereza. Sheria ni moja: herufi zikiwekwa, hazizolewi mpaka neno la mwisho lipatikane. Siku moja mchungaji alikunywa chai akiwa ameweka kikombe gotini kwa sababu meza ilikuwa na herufi. Mama aliona aibu, baba hata hakutikisika.

Ijumaa, 7 Juni
Kaka kapiga simu kutoka Dodoma. Anakuja kumchukua baba, akae karibu na hospitali. "Mdogo wangu, mimi ndiye mkubwa. Nimeshaamua." Hakuuliza hata nimeamkaje.

Nina hasira. Miaka yote tangu ndoa yangu ivunjike nipo hapa. Nani alimlisha?

Nilimuuliza baba kama anataka kwenda. Hakugonga. Alitazama mlango.

Jumapili, 9 Juni
Sikwenda kanisani. Baba alipaliwa na uji, nusura nimpoteze mikononi. Gari la kumkimbiza hospitali ningelitoa wapi? Kaka ana haki. Hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Jumanne, 11 Juni
Wamekwenda.

Gari lilifika mapema. Nimeshafunga nguo zake, blanketi, fimbo. Baba akakataa kuinuka. Akavuta kopo la vizibo, akachagua taratibu: A, E, E, N, R, S, T. Kaka akaangalia saa.

Nikasema eastern. Dodoma iko upande wa mashariki, nikadhani ananiambia amekubali safari. Mara moja. Bado. Nikasema earnest. Mara moja. Bado! Nikakwama. Machozi yananitoka na herufi sizioni. Dereva akapiga honi.

Kaka akanyoosha mkono azoe vizibo avirudishe kwenye kopo. Mkono ukaishia hewani. Akaurudisha mfukoni kama mtoto aliyekaripiwa. "Hazizolewi," akasema, kama anajisemea. Kisha tukambeba baba, yeye mabegani, mimi miguuni. Mzee amekuwa mwepesi kupita kiasi.

Vizibo saba viko mezani. Nimekula nimesimama.

Ijumaa, 14 Juni
Asubuhi nilimimina uji vikombe viwili. Nikaunywa wote. Nikauchukia wote.

Nikasema shikamoo kwa kitanda kitupu. Mjinga mimi.

Jumatatu, 17 Juni
Upepo, vumbi, baridi. Tangu jana hakuna aliyeniita kwa jina. Nina upweke. Naandika hivyo hivyo, hakuna namna ya kulipamba.

Kaka kasema baba anakula vizuri, na kuna mtu wa kumnyoosha viungo. Nilifurahi. Kisha nikamwonea wivu huyo mtu wa viungo.

Alhamisi, 20 Juni
Nilikuwa napura alizeti. Fimbo juu, fimbo chini, sina wazo lolote kichwani. Neno likaja lenyewe.

Nearest.

Nikalitamka kwa sauti, mbuzi wakainua vichwa. Nikakimbia ndani, nikavipanga vizibo. Saba, hakibaki hata kimoja. Nearest. Wa karibu kuliko wote. Nikakaa chini nikalia kama siku ya msiba wa mama. Sijui kama alikusudia mimi, au zilikuwa herufi tu za mwalimu mzee. Sitamuuliza.

Nikashika simu nimpigie. Jina la kaka limeshatokea kwenye kioo. Nikakumbuka sheria. Neno la mwisho likipatikana, herufi zinazolewa, mchezo umekwisha.

Nikaiweka simu. Nikavirudisha vizibo kama alivyoviacha yeye.

Jumapili, 23 Juni
Kanisani leo. Mama Yusufu karudisha ungo, na ndani yake kaweka viazi.

Jioni kaka alipiga, akamwekea baba simu sikioni. Shikamoo baba. Kwa mbali, kwenye mbao za kitanda: mara mbili.

Nikamwambia alizeti imepurwa. Nikamwambia baridi ya huku. Kisha nikasema, "Baba, lile neno bado nalitafuta."

Akagonga mara moja.

Nimefuta vumbi la meza, nikivizunguka vizibo nisiviguse. Kesho nitakwenda kusaga unga.