Msichana wa Hadithi Alijua

Nsambya, Kampala
Machi 20, 1977

Kwa binti yangu Acen,

Salamu kutoka kwa baba yako, askari polisi kwa miaka ishirini na nane. Mimi mzima, goti tu linasumbua. Wewe na baridi ya Nairobi mnaelewana?

Hadithi yako nimesoma yote, mwenyewe, bila miwani. Farasi mweupe mwenye pembe moja, akichovya pembe kisimani sumu ya maji inaisha. Unasema huyo ni mfano wa Bwana Yesu. Sawa, lakini mwanangu, farasi hana pembe. Mwenye pembe ni kifaru, na mimi kifaru nilimfukuza kwa filimbi kule Karuma, watu wote wanajua. Weka kifaru.

Mumeo Okot hajafika hapa. Labda kazi ya ualimu imembana. Usiwe na wasiwasi.

Barua hii anakuletea Opio wa reli. Posta siiamini.

Ni mimi baba yako,
Ogwal

Nairobi
Aprili 17, 1977

Baba mpendwa,

Natumaini goti limepata nafuu. Mimi sijambo, ila usingizi hauji.

Kifaru hapana, Baba. Kifaru anaogopwa. Huyu wangu hakamatwi kwa nguvu. Humwendea msichana anayemwamini, akalaza kichwa mapajani pake, na wawindaji wamejificha nyuma. Padre anayesimamia gazeti letu la watoto anataka msichana asiwe na kosa: alidanganywa, hakujua kitu. Hapo hadithi inanikwama. Wewe unaonaje?

Okot aliniandikia kwamba anajificha wanajeshi wasimkamate, ila kila Jumapili baada ya Misa anakuja kukusalimu. Barua yake ya mwisho ni ya Machi tarehe kumi. Baba, kweli hajafika?

Binti yako,
Acen

Nsambya
Juni 5, 1977

Kwa Acen,

Habari za huko? Sisi tuko. Opio alipita mara tatu kuuliza barua, nikamwambia wino umekwisha.

Umeuliza juu ya yule msichana. Msichana alijua.

Jumapili ya Machi 13 wanajeshi wanne waliingia kwangu asubuhi, wakajificha nyuma ya pazia la chumbani. Wakaniambia, "Mzee, kaa kwenye kiti chako, ukikohoa tu utaona." Nikakaa. Mimi niliyekuwa nawaambia kambi nzima ya polisi kwamba simwogopi mtu.

Okot alikuja saa tano. Unajua adabu yake kwa baba mkwe. Alivua viatu mlangoni, akapiga magoti, akainamisha kichwa, kando hakutazama hata kidogo. Akasema, "Baba, umeamkaje?" Nikajibu, "Vizuri, mwanangu."

Alipokuwa bado anafungua kamba za viatu ningeweza kupiga kelele. Nilimwona. Nilinyamaza.

Wakamchukua, sijui wapi. Na katika barua ya kwanza nilikudanganya.

Mwambie Padre hivyo.

Baba yako

Nairobi
Julai 3, 1977

Baba,

Nimesoma. Mama yake Okot, Mama Acayo, bado anazunguka maofisini akimtafuta mwanawe. Ameniandikia kwamba wewe unafuatana naye, unamsaidia kutafuta. Nenda umwambie. Kabla hujamwambia, usiniandikie.

Acen

Nsambya
Agosti 28, 1977

Acen,

Jana nilikwenda Old Kampala kwa Mama Acayo. Nilimwambia yote. Hakulia, hakunitukana. Aliuliza kitu kimoja: siku ile Okot alikuwa amekula? Nikasema sijui, sikumuuliza.

Akauliza tena. Nilikuwa pale mpaka jioni, yeye anauliza, mimi nasema sijui.

Ogwal